Uliza Anko Burashi: Michael Jackson anafanya nini hekaluni?

Mwezi uliopita niliweka picha moja tu ya lile hekalu jeupe la Chiang Rai, kaskazini ya Thailand, na mistari miwili chini yake kuhusu mchoraji Chalermchai Kositpipat aliyelijenga, basi meseji zikamiminika mpaka simu ikawa inapata moto. Zote siwezi, nimechagua hizi. Zile za kuniuliza kama nimebadili dini nimeziruka.

Shikamoo Anko. Mimi ni broka wa madini hapa Arusha, Bangkok naenda mara mbili tatu kwa mwaka na tanzanite, nikimaliza nashuka Chanthaburi kwenye soko la mawe. Safari ya mwisho mzigo ulichelewa kupata mteja, wenzangu wakanivuta mpaka Chiang Rai kuona hilo hekalu. Sasa nimeingia ndani nakuta ukutani kachorwa Michael Jackson, Superman, yule jamaa wa kucha za visu wa kwenye muvi za kutisha, na yale maghorofa mawili ya New York yanawaka. Ile ni nyumba ya ibada au ni ukumbi wa sinema? Nilitaka kucheka nikaogopa. (Broka, Arusha)

Marahaba mjomba. Ungecheka tu, wenyeji wenyewe wanacheka. Ila ngoja nikurudishe nyuma kidogo maana bila hivyo utabaki unaona jamaa anafanya masihara.

Mahekalu ya zamani ya Thailand ukuta wake una mpangilio. Sanamu ya Buddha iko mbele, na ule ukuta anaoutazama yeye, juu ya mlango ulioingilia wewe, hapo mara nyingi wanachora ile siku Buddha amekaa chini ya mti na Mara, mkuu wa vishawishi, anamjia na jeshi zima, tembo, mikuki, mashetani wa kila sura. Buddha hapigani. Anagusa ardhi na vidole tu, ardhi inatokea kwa umbo la mwanamke, yule mwanamke anakamua nywele zake ndefu na maji yanayotoka yanakuwa mafuriko yanalizoa jeshi lote. Sasa ukisogea uliangalie hilo jeshi kwenye kuta za karne ya 18 na ya 19 unakutana na Wazungu na kofia zao na bunduki, Waajemi, Wachina, yani mgeni yeyote aliyekuwa anashuka melini Bangkok miaka hiyo mchoraji kamchukua kamtia kwenye jeshi la shetani, hakuomba ruhusa kwa mtu.

Alafu kuna kitu kinaitwa phap kak. Tafsiri yake ya karibu ni kama makapi, masalio. Ni vile vipicha vya chini chini, pembeni, watu wa kawaida wanatongozana, wanalewa, wanafukuzana, mbwa wanapandana, mtoto anajisaidia. Wafalme na malaika wa kwenye hadithi nyuso zao ni tulivu kama kinyago, furaha na huzuni wanaionyesha kwa mikono kama wacheza ngoma wao, lakini hawa makapi wana ruhusa ya kuwa watu. Kule mkoa wa Nan kuna hekalu la Wat Phumin, michoro yake ni ya mwishoni mwa karne ya 19, na picha maarufu kuliko zote pale, ile inayouzwa kwenye fulana na vikombe, wala sio ya Buddha: ni mwanaume mwenye tatoo anamnong'oneza mwanamke sikioni.

Kwa hiyo Michael Jackson wako, mjomba, yuko kwenye nafasi ambayo ilikuwepo miaka mia mbili kabla yake. Na ile sura kubwa ya shetani juu ya mlango, sijui kama uliinua shingo, mboni za macho yake zina watu ndani, jicho moja George W. Bush, jingine Osama bin Laden. Hilo ndio jeshi la Mara la mwaka 2000 na kitu. Mbele yake Buddha katulia hana habari nao, na wewe umesimama katikati umeshika tiketi. Mimi nilikaa pale kama nusu saa mpaka mlinzi akaanza kunikoholea.

Nikuulize na wewe, pale nje kwenye daraja uliona ile mikono? Mamia ya mikono inatoka shimoni inaomba, mingine imeshika bakuli, na kidole kimoja tu katika yote kimepakwa rangi nyekundu ya kucha. Ndio tamaa hizo, unazivuka ndio unafika mlangoni kwa Buddha, na huruhusiwi kurudi nyuma, ukigeuka tu uchukue picha yule mtu wa kipaza sauti anakutangaza umati mzima ukusikie. Nilitangazwa.

Habari za kazi Anko. Kijana wangu kamaliza kidato cha nne, shule hataki tena, anasema yeye ni kuchora tu. Baba yake kakasirika hata salamu hawapeani. Huyo Mthai wako mwenye hekalu alitokea familia ya hela? Maana mchoraji wa kujenga jengo lake mwenyewe mimi huku sijawahi kumsikia. (Mama wa watatu, Mwanza)

Nzuri mama, pole na baba mtu. Hapana, hakutokea kwenye hela. Kazaliwa 1955 kwenye kijiji cha Rong Khun, nje kidogo ya Chiang Rai, na hekalu lenyewe kalijenga hapo hapo kijijini kwao, kilometa kama 13 kutoka mjini. Kabla ya kuwa mtu alikuwa anachora mabango ya sinema. Yani ni fundi wa mabango kama mimi nilivyoanza kwenye vibanda vya vinyozi, tofauti ni kwamba yeye alienda shule, na hapo mama naomba unisikilize maana mwanao hataki kusikia: alisoma Silpakorn, chuo kikuu cha sanaa Bangkok, akamaliza 1977.

Chuo hicho nacho kina stori yake. Kilianzishwa na Mtaliano wa Florence, Corrado Feroci, alikuja 1923 kuitwa na serikali achonge masanamu, akabaki, akachukua uraia na jina la Kithai, Silpa Bhirasri, na shule yake ikapandishwa kuwa chuo kikuu 1943. Mpaka leo wachoraji wa kule wanamwita baba.

Sasa baada ya chuo. Miaka ya 80 Wathai walikuwa na hekalu lao jipya London, mtaa wa Wimbledon, hiyo hiyo ya tenisi, linaitwa Wat Buddhapadipa, na kuta zilikuwa tupu. Chalermchai na mwenzake Panya Vijinthanasarn wakaenda na kundi la vijana wenzao karibu thelathini, wakachora kama miaka minne. Mshahara hakuna. Chakula na pa kulala basi. (Mama hii sehemu usimsomee baba mtu.) Na kwenye zile kuta wakamchora Margaret Thatcher, ambaye ndio alikuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, yupo tu na wenzake kwenye maisha ya Buddha. Kelele zikaja kutoka kwa watawa, serikalini, mpaka kwa wachoraji wenzao, kwamba hii sio sanaa ya Kithai. Mimi nimewaeleza hapo juu kwanini naona ndio yenyewe, tena nikisema ukweli wangu zile kuta za London nazipenda kuliko hekalu jeupe, jeupe lina sukari nyingi, unaona kabisa fundi hajui kusema inatosha.

Jina lilipokua ndio picha zikaanza kuuzika, na mfalme Bhumibol alipotoa kitabu chake cha hadithi ya Mahajanaka 1996, yule mwanamfalme aliyezama na meli akaogelea siku saba bila kukata tamaa, Chalermchai alikuwa mmoja wa wachoraji waliochaguliwa kukipamba. Mwaka uliofuata, 1997, akarudi kijijini, hekalu la kwao limechakaa hakuna hela ya kulikarabati, akasema naanza, kwa hela yangu. Ya kuuza picha.

Na hapa ndio pananifurahisha kuliko hata daraja. Michango anapokea, lakini mwisho baht 10,000 kwa mtu, kwa kwetu ni kama laki saba laki nane kutegemea dola imeamkaje. Tajiri akija na mfuko anarudishwa na mfuko wake, kwasababu akishakupa sana kesho atataka nguzo yenye jina lake, keshokutwa atakwambia huyo Batman mtoe. Mama wewe umeshakaa kwenye kamati za ujenzi unajua ninachosema.

Mpango mzima ni majengo tisa na mwenyewe amesema litakamilika kama mwaka 2070, atakuwa ameshakufa, ndio maana amefundisha vijana waendelee. Mei 5, 2014 likapigwa na tetemeko la zaidi ya 6 kwenye Richter, minara ikavunjika, michoro ikapasuka, akatangaza kwa uchungu kwamba basi, hatengenezi tena, abomoe yabaki magofu. Mainjinia wakaja wakakagua wakamwambia misingi ni mizima, kesho yake tu akabadilisha maneno akasema anarudia. Huo moyo ndio wa kumwangalia kwa kijana wako, sio hela. Mpe daftari na umwambie achore kuku wa hapo uani kila siku kwa mwezi mzima, kuku wale wale, alafu mniletee. Akichoka siku ya tano baba yake alikuwa sahihi.

Anko mambo. Nasoma sanaa Bagamoyo. Kwenye michoro yao ya ukutani ya zamani walikuwa wanatumia nini maana kuta zetu hapa pwani chumvi inakula rangi mwaka mmoja tu imebanduka. (Mwanachuo)

Poa sana, hili swali nimelipenda mpaka nimeamka usiku. Wale mafundi wa zamani hawakuchora kwenye plasta mbichi kama Wataliano, walisubiri ukuta ukauke kabisa. Na adui wao ni huyo huyo wako, chokaa na chumvi inayojitokeza. Walichofanya, wanatwanga majani ya mti wa jamii ya mkasia, wao wanauita khilek, wanaloweka, wanaosha ukuta kwa yale maji siku nyingi mfululizo, asubuhi na jioni. Alafu wanapima kwa manjano. Manjano haya haya ya kwenye pilau! Unasugua kipande ukutani, ikigeuka nyekundu ujue ukali wa chokaa bado umo, rudi ukaoshe, ikibaki njano endelea. Kajaribu kwenye ukuta wowote uliopakwa chokaa juzi utaona.

Ukishapona ukuta wanapaka udongo mweupe laini uliochanganywa na gundi ya mbegu za ukwaju. Mbegu, sio nyama yake, unazikaanga unazitwanga unazichemsha. Rangi ni za udongo na madini, masizi kwa nyeusi, na gundi ya mti. Burashi za kuchora majani ya miti, zile chapa chapa unazoziona kama kichaka, walikuwa wanaponda gamba la mlangilangi mpaka linakuwa nyuzi. Mlangilangi! Sisi hapa tunautilia kwenye nywele za bi harusi.

Kivuli hakuna, umbali wa macho hakuna, aliye mbali na aliye karibu wanalingana, na stori moja inatenganishwa na nyingine kwa mstari wa meno meno kama msumeno. Mtu wa kwanza kuleta umbali na ukungu na maghorofa ya Kizungu alikuwa mtawa, Khrua In Khong, zama za mfalme Mongkut kwenye miaka ya 1850 na 60, naye nina hakika aliambiwa anaharibu. Hawa wa leo akina Chalermchai ni rangi za akriliki tu za dukani. Lakini ile mistari, angalia mistari yake, mtu hapati mkono ule kwa kutazama video.

Assalaam aleikum Anko. Mimi dini hiyo siijui na sitaki kuikosoa, nauliza tu, wenye dini yao hawakuona ni kuvunjiwa heshima? Huku kwetu mtu angefanya hivyo sijui. (Msomaji, Unguja)

Waaleikum salaam. Wameona, tena sio mara moja, watu wanadhani Wabuddha hawakasiriki kabisa.

Kule kule Chiang Rai kulikuwa na mkubwa mwingine, Thawan Duchanee, amezaliwa 1939 amefariki Septemba 2014, huyo kwangu mimi ndio baba lao. Inasimuliwa alipokuwa mwanafunzi wa yule Mtaliano mwaka wa kwanza alipata alama za juu kabisa, mwaka wa pili mzee akamshusha chini akamwambia samaki wako hawanuki shombo, ndege wako hawaruki, wewe ni mnakili. Akaenda akasoma mpaka Amsterdam, akarudi anachora miili mieusi yenye misuli, wanyama wenye meno, watu nusu mnyama, na humo humo alama za Kibuddha. Mwaka 1971 wanafunzi waliingia kwenye maonyesho yake Bangkok wakazichana picha kwa visu, wakisema anaitukana dini. Ikamkaa moyoni miaka mingi. Baadaye serikali ikampa heshima ya Msanii wa Taifa, 2001, Chalermchai akapewa 2011.

2007 picha iliyoshinda medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya taifa ilikuwa ya watawa wenye midomo ya kunguru wanagombea chakula, mchoraji Anupong Chanthorn alikuwa anawasema watawa wa uongo, wale waliovaa joho kwa ajili ya tumbo. Watawa wakaandamana. Na 2019 mwanafunzi mmoja kachora Buddha ana mwili wa Ultraman, lile jitu shujaa la Kijapani la kwenye TV linalotoka anga za mbali, akimaanisha shujaa anayelinda watu, ikabidi apelekwe kwa mtawa mkuu wa mkoa akaombe radhi huku analia, na picha zenyewe zikaja kununuliwa mnadani kwa hela ndefu.

Sasa linganisha ndugu yangu. Bush na Osama kwenye macho ya shetani hakuna shida. Thatcher ukutani walinung'unika ikaisha. Ila mwili wa Buddha mwenyewe ukiugusa, au joho la mtawa, hapo umepita mpaka. Chalermchai ni mropokaji sana, anatukana kwenye TV na lile shati lake la bluu la wakulima wa kaskazini, lakini ukiangalia kazi yake yote Buddha wake ni msafi, katulia, mweupe au dhahabu, hajawahi kumchezea. Vituko vyote viko kwenye makapi. Anajua ukuta una wapi pa kucheza.

Ile nyumba ya Thawan nayo iko Chiang Rai, Baan Dam, majengo karibu arobaini ya mbao nyeusi, ndani pembe za nyati, ngozi za mamba, mifupa, viti vya pembe. Wenyeji wana msemo wao, Chalermchai anajenga pepo, Thawan anajenga moto. Mimi nilizunguka kote siku moja na jioni nilikuwa nawaza huko motoni tu.

Anko ni kweli choo ni cha dhahabu? (Mdau, Dodoma)

Jengo lote la choo ni rangi ya dhahabu ndio, nakshi mpaka juu, watalii wanapanga foleni wanadhani ndio hekalu lenyewe. Mwenyewe anasema dhahabu ni ya watu wenye tamaa na nyeupe ni usafi wa Buddha, vile vioo vidogo vidogo ni hekima inayong'aa. Kwa hiyo dhahabu kaipeleka anapoona inafaa. Maji yapo, sabuni ipo.

Anko sisi wa huku hatuna nauli ya Thailand. Hakuna hekalu la Kibuddha karibu tukaone hata michoro? (Wawili wapenzi wa sanaa, Kibaha)

Lipo Dar, mjini kabisa, watu wanapita na bajaji kila siku hawajui. Waliolianzisha ni Wasinhala wa Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon, waliokuja huku kufanya kazi, tangu mwaka 1920 na humo uani kuna mti wa bodhi walioupanda wakati huo, jamii ile ile ya mti ambao Buddha alikaa chini yake. Ni wa Sri Lanka sio wa Thailand lakini tawi la dini ni moja, Theravada, kwa hiyo hadithi ya Mara na yule mama wa ardhi naye muulizeni mtawa atawaeleza kwa namna yao. Msitegemee Superman. Viatu mnavua mlangoni, mabega myafunike, miguu msiielekeze kwenye sanamu mkikaa, na chini ya ule mti mkae kidogo kuna upepo mzuri, mimi huwa naendaga mchana wa jua kali.